Kura Mbili, Nyumba Moja

Kampuni ya miwa ilipofunga ghala la posho, Matano alirudi kwa babake akiwa na mkewe, godoro la sufi, sufuria mbili na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Mama yake, Mwanapili, alikuwa amekaa uani anashona makuti. Aliwaona tangu walipokata kona ya kisima. Alimtazama kwanza Dama, mkaza mwana wake, ambaye mimba ilikuwa imekwisha kumlemea na alitembea ameshika kiuno. Kisha akalitazama lile godoro. Mtu anayekuja kutembea haji na godoro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmefukuzwa?"

"Hatukufukuzwa. Tumegoma."

"Na waliogoma hawalali kambini?"

"Wanalala wanaoweza kulala na njaa, mama," Dama akasema, akajikalisha polepole juu ya kinu kilichopinduliwa. "Mimi nimeshindwa."

Mwanapili aliweka kando ufito na kuti lililokuwa nusu, akaingia jikoni kuongeza maji kwenye sima.

Mwenye nyumba, Mzee Abdurahman Chirau, alikuwa tarishi wa boma tangu ndevu zake hazijaota mpaka zilipoanza kuwa nyeupe. Alikuwa amebeba barua za serikali kwa miguu mpaka Vanga, kwa jua na kwa mvua, na hakuna hata moja iliyolowa. Alipostaafu alipewa nishani na pensheni ndogo, na kwa vitu hivyo viwili alikuwa mtu wa kupishwa njia katika kijiji chao pembeni ya Msambweni. Nyumba yake ndiyo iliyotangulia kuezekwa bati mtaa mzima. Mkewe alikuwa akiezekea nyumba za watu makuti yenye kivuli baridi, na yeye mwenyewe akilala chini ya bati, mchana likiwaka kama kikaango.

Walipokaa kula jioni ile, mzee alimwacha mwanawe ameze matonge mawili, ndipo akauliza, "Huo mgomo wenu, serikali imeuruhusu?"

"Baba, mtu haombi ruhusa ya kukataa kuibiwa. Posho ina wadudu. Mtu akiugua siku mbili, siku mbili hazilipwi."

"Uliweka dole gumba kwenye mkataba au hukuweka?"

"Niliweka dole kwa kuwa sikujua kuusoma."

Mkono wa Mwanapili ulisimama juu ya bakuli la mchicha. Alijua mazungumzo yale yanakoelekea, kwa kuwa yalikwisha kwenda huko mara nyingi. Matano alitolewa shule alipomaliza darasa la tatu, mwaka ule ule babake aliponunua bati.

"Wewe ukitazama juu unaona bati," Matano akasema. "Mimi naona darasa la nne, la tano na la sita."

"Mvua ilikuwa ikikunyeshea kitandani! Wewe na dada zako. Nani aliyeniwezesha kununua bati kama si serikali? Nimekula mkate wake, sitautemea mate."

"Umekula wewe, baba. Mimi sikuuonja."

Mzee alinawa mikono kabla chakula hakijaisha. Lakini Matano alikuwa bado na neno, na neno lenyewe lilihusu kura.

Mwaka ule, 1957, ndipo Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua watu wa kuwasemea katika Baraza la Kutunga Sheria. Si wote walioruhusiwa. Makarani walikuwa wamekwisha kupita vijijini wakiuliza: umesoma mpaka wapi, unapata mshahara gani, una mali gani, umeitumikia serikali muda gani? Mwenye sifa alipewa kura, na mwenye sifa nyingi alizidishiwa. Mzee Abdurahman alipata mbili, moja ya utumishi na moja ya nishani. Matano hakupata hata moja. Mwanapili hakuulizwa kitu. Karani alimwomba maji ya kunywa, akampa, akanywa, akaenda zake.

"Baba, una mbili," Matano akasema. "Nipe moja."

"Kura si muhogo, nikukatie kipande."

"Sisemi unikatie. Ile moja mpe yule mgombea unayemtaka, yule mwalimu. Ya pili mtilie yule wa chama cha wafanyakazi, badala yangu."

"Nimtilie mtu anayewafundisha watoto kuacha kazi?" Mzee aliinuka, akatafuta viatu vyake. "Laa. Hilo usiniambie tena."

*

Kampuni ilikuwa inaleta watu kutoka bara waje wakate miwa. Kulikuwa na shida moja: wagomaji waliobaki kambini walikataa kutoka vyumbani. Basi ikaamuliwa ijengwe kambi mpya karibu na lango la kiwanda, haraka. Miti ilikuwapo na udongo ulikuwapo. Makuti ndiyo yaliyopungua, na ndiyo yaliyomleta Kavumbi kijijini na lori tupu.

Kavumbi alikuwa mnunuzi wa makuti, mtu mnene mwenye maneno mengi, na wanawake walimjua. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapelekea wenye mahoteli wa Diani. Siku hiyo hakupekua makuti wala hakulalamika kuwa yameshonwa ovyo.

"Nataka yote," akasema. "Hata mabovu. Nawapa maradufu ya bei ya Diani, na pesa nalipa hapa hapa, makuti yakipanda lorini."

Wanawake walitazamana. Ulikuwa mwezi wa ukame, mihogo ilikuwa imefukuliwa na nguruwe mwitu, na karibu kila nyumba ilikuwa na mtoto aliyerudi na godoro. Mwanapili ndiye aliyekuwa na makuti mengi kuliko wote. Milundo yake ilijaa upande mzima wa ua, kazi ya miezi, na alikuwa akiyaweka kwa ajili ya harusi ya binti yake mdogo, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake, na kitanda cha kuzalia Dama.

Aliyesema alikuwa Jumwa, mjane wa nyumba ya jirani. Mwanawe Tsuma alikuwa kwenye kamati ya mgomo pamoja na Matano.

"Jamani, wenzangu. Tukimuuzia huyu, tunawaezekea watu watakaokula kazi za watoto wetu. Mimi siuzi."

"Wala mimi," akasema mwingine.

Ilikwenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka macho yakamfikia Mwanapili. "Wala mimi," naye akasema, na alikuwa akisema kweli.

Kavumbi hakukasirika. Alipanda lori lake, akatoa kichwa dirishani. "Nitapita Ijumaa, mama zangu. Wakati huo matumbo yatakuwa yamekwisha kuzungumza nanyi."

*

Unga uliisha Jumanne. Jumatano Mwanapili alijitanda kanga yake iliyo safi, akaenda dukani. Mwenye duka alimpimia unga, akautia kwenye mfuko, na mfuko ukaingia kikapuni. Alipomwambia aandike deni, yule bwana alisimamisha kalamu.

"Mama Matano, pensheni ya mzee ya mwezi huu imekwisha kuliwa. Na ya mwezi ujao."

"Namaliza makuti, nitakulipa."

"Makuti nasikia hamuuzi."

Alinyoosha mkono juu ya meza, akautoa mfuko kikapuni, akaumimina unga tena kwenye gunia. Kisha akaupigapiga ule mfuko kwa nyuma usije ukabaki na kitu. Dukani mlikuwa na watu. Mwanapili alimwambia, "Ahsante, bwana," akatoka na kikapu chake.

Alichemsha mapapai mabichi na chumvi. Kuku aliyekuja na Dama alikuwa amekwisha kuliwa. Matano alikuwa akitoka alfajiri kwenda kukaa na wenzake langoni kwa kampuni, na kurudi na habari: wamesimama imara, askari wameongezwa, watu wa bara wamefika kituoni. Habari zote hizo Mwanapili alizisikiliza, na kila mara alingoja amalizie kwa kusema ameleta nini, na hakumalizia hivyo.

Mzee Abdurahman naye alikuwa na la kwake. "Makuti ni yako, sikuingilii," alimwambia mkewe. "Lakini mimi sijaona watu wenye ghala lililojaa wakifa njaa kwa heshima."

"Lile si ghala, Baba Matano. Ni makuti."

"Haya. Kaangeni basi makuti."

Alhamisi asubuhi Dama alianguka kisimani. Wanawake walimbeba mpaka nyumbani, ndoo ya maji ikaletwa na Jumwa. Mkunga aliitwa, akamshika tumbo, akamfunua macho, akamwita Mwanapili pembeni.

"Mtoto mzima. Na huyu mwari wako hana maradhi. Ana njaa. Mpe chakula leo, si kesho, kama unataka azae mtu."

Siku ile Mwanapili alipata mayai mawili kwa kuomba. Dama alikula mayai, akamtazama mavyaa yake, akasema polepole, "Mama, usiuze kwa ajili yangu. Matano hatanisamehe."

"Nyamaza ulale," Mwanapili akamwambia.

Ijumaa wanaume walipokwenda msikitini, lori lilikuja. Mwanapili alikuwa amesimama mlangoni tangu liliposikika barabarani. Hakujificha na hakumtuma mtu. Alimwonyesha Kavumbi milundo, na wapagazi wawili wakaanza kuitoa, na kila kuti liliposhuka begani mwa mtu na kuangukia lorini lilitoa vumbi. Wanawake walitoka, wakasimama milangoni mwao. Jumwa alisimama kwake, mikono kifuani. Mwanapili alingoja atukanwe. Jumwa aligeuka akaingia ndani.

"Nyumba hii ya nani?" Kavumbi aliuliza akihesabu noti.

"Ya Mzee Abdurahman Chirau."

"Na wewe mama nani?"

"Mama Matano."

"Mama Matano," Kavumbi akarudia, kama mtu anayetia kitu mfukoni. "Mmefanya jambo la watu wazima."

*

Matano aliporudi jioni, alipokelewa na harufu ya wali na papa mkavu. Dama alikuwa amekaa mkekani, uso umekwisha kupata rangi. Matano alisimama katikati ya ua, akautazama upande uliokuwa na makuti. Chini palikuwa na mstari mweupe wa mchanga usiokanyagwa muda mrefu.

"Mama, umewaezekea."

"Nimemlisha mkeo."

"Leo watu watalala chini ya makuti yako, kesho washike panga langu."

"Mkeo alianguka kisimani, Matano. Wewe ulikuwa umesimama imara."

Alitaka kujibu. Dama akamwambia, "Kaa ule, baba," na sauti yake ndogo ilimkata. Matano alinawa, akakaa, akala. Alikula haraka, kichwa chini, kama mtu anayeiba, na alipomaliza alitoka bila kusema alhamdulillahi.

Mwanapili alichukua pishi ya unga, akaifunika kwa kawa, akaenda nayo nyumba ya jirani.

"Hodi, Jumwa."

"Hodi ya nini?"

"Nimekuletea kidogo, watoto wale."

Jumwa aliinua kawa, akaona, akairudisha mahali pake vizuri bila kelele. "Watoto wangu wamekwisha kulala. Nenda nao, Mwanapili. Sikutukani. Lakini nenda nao."

Wiki iliyofuata wanawake wengine wanne waliuza. Hao hawakutajwa. Aliyetajwa ni yeye, kwa kuwa alitangulia, na kwa kuwa makuti yake yalikuwa mengi.

*

Yule mgombea wa chama cha wafanyakazi alikuja kutoka Mombasa, akahutubia uwanja wa mpira. Mwanapili alikwenda, akakaa upande wa wanawake. Aliona wanamwachia nafasi kubwa kuliko anayohitaji. Mtu yule alikuwa kijana, amevaa suruali iliyopauka magotini, na alisema maneno yanayoeleweka. Alizungumza habari ya posho yenye wadudu. Alizungumza habari ya mtu kuugua akakatwa mshahara, na ya mkataba kuandikwa kwa lugha asiyoijua anayeweka dole. Mwanapili alikuwa akiitikia kwa kichwa pamoja na wengine bila kujijua.

Kisha yule kijana akapaza sauti. "Na hapa hapa Msambweni wako akina mama waliowauza wana wao wenyewe kwa bei ya makuti!"

Vichwa viligeuka. Mwanapili aliikaza kanga yake kichwani. Mwanamke mmoja alimwambia ainuke aende kwake. Hakuinuka. Alikuja kusikiliza, akasikiliza mpaka mwisho.

Siku chache baadaye alikuja mwalimu, mgombea wa pili, aliyependwa na machifu na wazee wa mabaraza. Huyu alikuwa na koti na miwani. Alisema kampuni na wafanyakazi ni kama baba na watoto, na watoto wema hungoja. Alisema shule zitakuja, maji yatakuja, watu wasubiri. Mzee Abdurahman alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Mwanapili alimsikiliza huyu pia mpaka mwisho.

Mgomo ulikwisha kabla ya kura. Kampuni iliongeza senti chache kwa siku, ikaahidi unga safi, na ikatangaza kwamba wote watarudi kazini isipokuwa waliokuwa kwenye kamati. Watu walipanga mstari langoni. Matano alipanga akijua atakataliwa. Alitaka akataliwe mbele ya macho ya watu, pamoja na Tsuma aliyekuwa mbele yake.

Tsuma alisema jina lake. Karani alitikisa kichwa, akamwonyesha pembeni. Matano aliposema lake, karani alianza kutikisa kichwa vile vile, lakini Kavumbi, ambaye alikuwa pale akidai fedha zake za makuti, aliinama juu ya meza.

"Huyu ni wa yule mama wa makuti," akasema, wala hakunong'ona. "Nyumba ya watu wema. Mpokee."

Mstari mzima ulisikia. Karani akamwandika. Matano alimtazama Tsuma, aliyekuwa amesimama pembeni na kofia yake mkononi. Tsuma aligeuza uso upande wa miwa. Lango lilikuwa wazi, na Dama alikuwa amebakiza wiki chache kujifungua. Matano akaingia.

Mwanapili aliyajua hayo kwa Dama. Mwanawe mwenyewe hakumwambia. Alikuwa amerudi kulala kambini na kumwacha Dama nyumbani, akileta posho Jumamosi, akiiweka kizingitini, akienda. Kazini hakuna aliyezungumza naye. Kwenye mikutano ya chama alikaa nyuma kabisa, na kila Jumamosi, kabla ya kufika kwa mama yake, alipita kwa Jumwa akaacha nusu ya posho mlangoni. Mara ya kwanza Jumwa aliitupa nje. Mara ya pili aliiacha mpaka jioni, kisha akaiingiza.

*

"Twende boma," Mwanapili alimwambia mumewe.

"Kufanya nini?"

"Kumwombea Tsuma arudishwe. Umewatumikia umri wote. Huna hata mtu mmoja wa kumwambia neno?"

Swali hilo lilimchoma mzee. Alivaa kanzu na koti, akatia nishani, na asubuhi wakapanda basi. Njiani alikuwa mchangamfu. Alimwonyesha mkewe mahali alipolala siku mto ulipofurika, na mahali chui alipomfuata kutwa nzima yeye na mkoba wa barua.

Bomani tarishi mpya, kijana wa kutoka mbali, aliwaambia wakae kwenye benchi la nje. Abdurahman alimweleza yeye ni nani. Kijana alisema, "Vyema, mzee. Kaa hapo." Walikaa. Kivuli kilihama, wakahama nacho, kisha kikaisha. Mkubwa wa boma alipita mara mbili. Mara zote mbili Abdurahman alisimama, akavua kofia, na yule mkubwa mpya alimwitikia kwa kichwa kama anavyomwitikia kila mtu, akapita.

Adhuhuri ilipokwisha kupita, karani alitoka na jibu. Habari za vibarua na kampuni si za ofisi hii. Waende Mombasa kwa afisa wa kazi.

"Lakini bwana, mwambie ni Abdurahman. Abdurahman tarishi."

"Nimemwambia, mzee." Karani aligeuka kurudi, kisha akakumbuka jambo. Aliingia ndani, akatoka na bahasha zilizofungwa kwa uzi. "Umesema unakaa Msambweni? Mchukulie chifu barua hizi basi, utupunguzie safari."

Mwanapili alimtazama mumewe. Alitazama mikono ile ikinyooka yenyewe, yote miwili, kabla mwenyewe hajafikiri.

"Ndiyo, bwana," Mzee Abdurahman akasema.

Ndani ya basi aliziweka zile barua mapajani, akazishika zisipeperuke. Hakuonyesha tena mahali popote. Waliposhuka Msambweni alimwambia mkewe atangulie nyumbani. "Barua za watu hazina kosa," akasema, akashika njia ya kwa chifu.

*

Dama alijifungua mtoto wa kike siku sita kabla ya kura. Jumwa alikuja kumwona. Alimbeba mtoto, akamwombea, akamrudisha kwa mamake. Alipokaribishwa chai alisema ana haraka.

Siku ya kura Mzee Abdurahman aliondoka mapema. Alivaa kanzu bila koti. Matano alimfuata mpaka penye kamba iliyozungushiwa kituo, waliposimama vijana wengi wasio na kura, wakiwatazama wenye kura wakiingia na kutoka. Mzee alikaa ndani muda mrefu kuliko waliomtangulia. Alipotoka walirudi pamoja, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Mwanapili alikuwa amepika wali na mchuzi wa nazi. Aliwaacha wanawe mikono, wakakaa, wakaanza kula.

"Umempa nani?" akauliza.

"Kura ni siri. Tumeambiwa."

"Siri kwangu mimi?"

Mzee alilivuruga tonge lake sahanini. "Moja nimempa mwalimu," akasema mwishowe. "Niliahidi. Ya pili nilikaa nayo mkononi. Nilikuwa nafikiri habari ya lile benchi. Nikasema, haya, nimpe mtu wa Matano. Mkono ukakataa. Nikasema nimpe basi mwalimu zote mbili, mkono ukakataa. Karani akaniambia, mzee, wengine wanangoja. Nikaitumbukiza sandukuni hivyo hivyo, haina alama."

Matano aliacha kula. "Umeitupa, baba."

"Sikuitupa. Nimeitia."

"Tupu."

"Tupu," babake akakubali.

Matano alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, na Mwanapili akaweka upawa chini.

"Mimi ningejua pa kuitia," akasema.

Walimtazama wote watatu, hata Dama aliyekuwa akinyonyesha. Katika nyumba ile siasa ilikuwa ugomvi wa watu wawili, na kazi ya Mwanapili ilikuwa kuuzuia usimwage chakula. Mzee Abdurahman angeweza kumwambia anyamaze. Badala yake aliuliza, kama mtu anayetaka kweli kujua, "Wapi?"

"Kwa yule wa chama cha wafanyakazi."

"Mama," Matano akasema, "yule alikutukana mbele ya watu."

"Alinitukana na nilisikia. Lakini kati ya wale wawili, ni yeye peke yake aliyetaja unga. Mwalimu alisema tusubiri. Dama alikuwa akisubiri siku ile alipoanguka kisimani." Hakuwa amezoea kusema maneno mengi mfululizo. "Ningempa kura huyo huyo. Na akishinda ningemfuata huko huko Mombasa nimwambie: siku nyingine ukiitisha mgomo, waulize kwanza wanaopika wana nini jikoni. Angenipa pishi mbili tatu za unga, makuti yangu yangeoza hapa uani na mtu asiyapate. Jumwa hakuwa na mkaza mwana mwenye mimba. Mimi nilikuwa naye. Wanaume mlipopanga mgomo wenu hakuna aliyekuja kuniuliza hilo, na baadaye ikawa mimi ndiye niliyeuza watu."

Matano aliinamisha kichwa.

"Laiti ningejua," Mzee Abdurahman akasema polepole. "Ningekuuliza asubuhi kabla sijatoka."

"Asubuhi nilikuwa hapa hapa," Mwanapili akamwambia, akamwongezea mchuzi.